AVENUE MAPENDO 🌽 DEPO YETU

*Siku ya tatu (Jumatano)*

05:52 Mama Bijou: Jambo sana wote. Panya wameshatoboa mifuko 9 mu depo, safu yote ya chini, upande wa ukuta wa choo. Siku ya posho (Jumamosi) saa kumi na mbili asubuhi tunatoa mifuko yote inje, tunaingiza Pilipili, mbwa ya Deo. Siku ya kwanza (Jumatatu) mahindi mapya inaingia. Kila nyumba ilete mtu moja na glavu.

05:53 Mama Bijou: Deo uko?

06:40 Mama Bijou: Deo??

06:41 Papa Nathan: 👍🏾

06:58 Gigi: Mama Bijou, mwenye kukosa glavu alete soksi? 🙏🏾

07:03 Papa Trésor: Mama Bijou, kabla ya kuamsha watu na hii baridi. Pilipili ana miezi mingapi?

07:04 Mama Bijou: Ni mukubwa. Anabweka mpaka kwa Papa Nathan hawalale

07:04 Mama Bijou: Tena ile ni Jack Russell. Mbwa ya panya. Anazaliwa anajua

07:15 Papa Trésor: Anazaliwa na hamu. Kujua ni kitu kingine. Na kubweka si umri. Mufungue mdomo wake muangalie. Meno ya kitoto yanaanza kung'oka karibu mwezi wa nne, mwezi wa sita kwenda wa saba yote 42 ya ukubwa yanatakiwa yawe yamesimama. Chonge nne ndizo za kushikia panya. Kama chonge ya kitoto bado imesimama kando ya mpya, au ufizi ni mwekundu, akimbana panya anaumia yeye mwenyewe. Anaachia. Panya anageuka, anamuuma pua. Mbwa kijana akiumwa vibaya mara ya kwanza, mwingine anaanza kuogopa shimo, mwingine anakuwa na hasira ya ovyo, anajitupa bila kuangalia. Wote wawili ni kazi ngumu kurekebisha.

07:16 Gigi: Kumbe na mbwa wanafanya egzetat, mtihani wa kumaliza sekondari 😂😂

07:17 Gigi: Apate tu 50%, tumwage unga

07:20 Mama Bijou: Gigi acha. Papa Trésor ni asubuhi moja tu. Masaa mawili. Haiko kazi ya mgodi

07:31 Papa Trésor: Hiyo asubuhi moja ndiyo inaharibu. Panya wa depo, wanaokimbia juu ya simenti, kijana wa miezi 8 mpaka 10 anaweza kuanza. Dakika 10, 15, kisha anafungwa, anakunywa maji. Na anaanza kando ya mbwa mzee anayejua, si na kijana mwenzake, vijana wawili wanagombania panya moja wanaumana wao. Kuingia ndani ya ardhi ni habari nyingine. Mu vichuguu vya huku kwetu kunakaa panya buku, yule anapita kilo moja na anapigana. Huko si mbele ya mwaka, mimi nasema mwaka na nusu. Mifupa ya mbwa mdogo inafunga kukua karibu miezi 8 mpaka 12, na akili inachelewa nyuma ya mifupa.

07:33 Gigi: Akili inachelewa nyuma ya mifupa 😭 Papa Trésor usitutukane wote

07:33 Gigi: Pilipili asajiliwe Mazembe, beki ya kulia

07:34 Gigi: [sticker]

07:50 Mama Bijou: Mutu akitaka kufanya kitu mu hii avenue, kuna mwingine analeta sheria. Sawa na ile ya bomba

07:52 Papa Trésor: Bomba tuache. Na usinirudishe kwa yule mbwa Tito.

07:52 Mama Bijou: Nani amesema Tito?

07:53 Papa Trésor: Tito hakukosa meno, mama.

09:26 Tantine Feza: Samahani, niko kazini. Muniulizie Deo kama Pilipili amechanjwa sindano ya leptospirosi. Ya kichaa cha mbwa peke yake haitoshi. Lepto inakaa mu mkojo wa panya, na ile depo safu ya chini yote imekojolewa. Mbwa anaipata kwa pua, kwa mdomo, kwa kidonda kidogo cha mguu. Inashika ini na figo: anatapika, anakataa bukari, macho yanageuka manjano. Chanjo ni sindano mbili, wiki 3 au 4 kati yao, kisha kila mwaka. Sindano moja haijengi kinga. Hesabuni wiki mbili nyuma ya ile ya pili.

09:27 Tantine Feza: Na watu vilevile inawashika. Gigi, soksi haifai. Glavu za mpira na buti. Mumwagie kwanza maji yenye javeli (dawa ya kuua vidudu), kisha mufagie, si kufagia kavu.

09:40 Gigi: Sawa Tantine 🫡

12:15 Mama Bijou: Deo naona umesoma. Alama mbili za bluu

21:47 Deo: Munisamehe, nilikuwa Kasumbalesa. Pilipili atatimiza miezi 8 tarehe 20. Kichaa cha mbwa amechanjwa. Ile ingine alipata sindano ya kwanza tu

21:48 Mama Bijou: Siku ya posho ni 18. Siku mbili si kitu

21:55 Papa Trésor: Deo, ukimwita anakuja?

21:56 Deo: Anakuja kama hakuna kitu

21:56 Deo: Kukiwa na kitu haji

22:08 Papa Trésor: Basi tarehe haina maana. Fanya hivi. Kamba ndefu, mita 10. Kuku watatu wa mama yako wawe wazi mu lupango. Akiwakazia macho, mwite mara moja. Asipogeuka, vuta kidogo, akifika mpe nyama. Kila siku, dakika tano, mpaka ageuke bila kamba kuvutwa. Siku anapotazama kuku kisha anakutazama wewe, hapo tunaanza kuongea. Mbwa asiyeachana na kuku, mu depo hataachana na mguu wa mtu.

22:09 Deo: Na harufu ya panya?

22:17 Papa Trésor: Panya wa mtego, aliyekufa leo, umfunge kwa uzi, umburute chini mita 20, umfiche nyuma ya tofali. Umshike kwa glavu. Usiokote panya aliyekutwa amelala tu njiani, hujui amekufa na nini. Pilipili akifika kwenye tofali umuangalie: anasimama, mkia unatetemeka, pua haitoki palepale, anakwangua. Hiyo ndiyo alama ya kazi. Akibweka hewani na kuzungukazunguka, bado anacheza. Mkanda wa shingo utolewe kila anapoingia pembamba, unashikwa na msumari anajinyonga.

22:20 Gigi: Kuku watatu wa mama yake wametoka grupu 😂

22:21 Mama Bijou: Gigi nitakutoa wewe

*Siku ya nne (Alhamisi)*

05:48 Mama Bijou: Basi nimepata njia. Shemeji ya Papa Nathan ana mbwa jike mzee kule njia ya Kafubu, anaua panya. Aje na huyo, Pilipili amfuate. Papa Nathan umwambie leo

05:49 Papa Nathan: 👍🏾

06:05 Papa Trésor: Mzee peke yake, hapo nakubali. Muulizeni shemeji kama huyo jike yuko kwenye joto, akiwa kwenye joto Pilipili hatakumbuka panya. Na fimbo zote zibaki inje. Watu wakianza kupiga, wa kwanza kupigwa ni mbwa. Mtu moja ashike torchi, wawili waondoe mifuko kuanzia mlangoni kwenda ndani, safu ya mwisho isiguswe mpaka mbwa asimame. Mashimo ya ukuta upande wa choo yazibwe kwanza na mawe na simenti, kidole cha gumba kikiingia panya anapita. Kukitokea nyoka, mbwa anaitwa na watu wanatoka. Swila akitema mu macho, ni maji mengi, dakika 15 au 20, mbwa ama mtu. Si maziwa.

06:06 Gigi: Swila 😳 mimi nitaleta chai, nitakaa barabarani

06:30 Mama Bijou: Sasa tumemaliza. Posho, saa kumi na mbili. Deo na mbwa, Papa Nathan na mbwa, Papa Trésor na torchi

10:12 Muzee wa Kona: Nimewasoma wote tangu jana. Mmeongea meno, umri, chanjo, kuku. Hakuna aliyeuliza kama mle ndani kuna sumu. Tito nilimchimbia kaburi mimi, chini ya mwembe wangu. Sichimbi la pili. Aliyeweka kitu aseme.

13:37 Ma Vero: Muzee shikamoo. Nachelewa kusoma, simu iko na mtoto. Mimi niliweka ile ya bluu nyuma ya mashine ya kusaga, mwezi uliopita. Vipande sita. Jana niliangalia, vimebaki viwili

13:38 Ma Vero: Kopo alinipa Mama Bijou

13:41 Mama Bijou: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

13:44 Mama Bijou: Nilikupa kwa ajili ya jikoni yako. Si ya depo

13:44 Ma Vero: Mama, ulisema weka penye wanapita

14:20 Papa Trésor: Aksanti Ma Vero kwa kusema. Basi hakuna mbwa anayeingia, wala kijana wala jike wa Kafubu. Ile ya bluu inazuia damu kuganda. Panya haanguki palepale, anatembea siku tatu, nne, mpaka tano, mzito, hakimbii. Ndiye wa kwanza mbwa anamkamata. Akimmeza, na yeye anavuja damu ndani kwa ndani, siku zinapita anaonekana mzima. Halafu fizi nyeupe, anahema, amechoka. Ukiona hivyo ni vetereneri saa ile ile, dawa yake ni vitamini K1 na inatolewa wiki nyingi, si sindano moja. Maziwa na mafuta ya mawese hayasaidii kitu.

14:22 Tantine Feza: Ndivyo. Deo, Pilipili ameshaingia mle hata mara moja?

14:23 Tantine Feza: Deo

16:50 Deo: Alipita mlangoni siku ya yenga (Jumapili). Hakula kitu. Nafikiri

16:51 Tantine Feza: Muinue mdomo sasa, fizi ni rangi gani

17:10 Deo: Pinki

17:11 Deo: Lakini chonge ya juu kushoto ziko mbili. Ya kitoto haijatoka

17:19 Papa Trésor: 🤦🏾‍♂️ Kwa umri huo haitatoka yenyewe. Daktari aing'oe kwa ganzi. Usivute na koleo, mzizi ukivunjika ndani ni usaha.

17:20 Gigi: Niliandika koleo nikafuta 🙈

17:26 Tantine Feza: Fizi uziangalie asubuhi na jioni, siku saba. Na umlete kwangu kesho, ile sindano ya pili nayo inangoja.

18:02 Mama Bijou: Posho inabaki posho. Bila mbwa. Tunatoa mifuko, tunaokota vipande vya bluu vyote na panya wote waliokufa, tunachoma. Mahindi mapya yakae juu ya palete, mkono mmoja toka ukutani. Glavu za mpira, Feza amesema

18:05 Papa Trésor: Hapo tuko pamoja. Na mbwa nangoja wiki nne tangu panya mfu wa mwisho kuonekana. Ma Vero ahesabu vipande anavyookota.

18:06 Mama Bijou: Wiki nne mahindi itakuwa imekwisha

18:07 Papa Trésor: Mitego basi. Kandokando ya ukuta, mdomo wa mtego ukutani.

18:31 Mama Bijou: Nani ananunua mitego?

19:15 Deo: Naweza kumleta posho kwa kamba, abaki inje ya lango, asikie tu kelele?

19:16 Papa Trésor: Muulize Muzee

20:44 Mama Bijou: Muzee?

20:58 Mama Bijou: Nani analeta palete? Nahitaji 6

21:03 Papa Nathan: 👍🏾

21:04 Gigi: Papa Nathan, hiyo 👍🏾 ni ya palete, ya mitego, ama ya mbwa wa Kafubu?