"Namba iandikwe kawaida." Kawaida ya wapi?

Wakuu, huu mwongozo mpya wa ile lugha ya programu, mwandishi wake mnamjua, sina haja ya kumtaja. Sura nzima ya namba ina sentensi moja: "Namba iandikwe kawaida." Basi! Chupa ya dawa ya kikohozi ina maelezo kuizidi.

010 ni ngapi? Kwenye lugha za C na Java ni 8, maana sifuri ya mbele inaipeleka msingi wa 8, yaani kuhesabu kwa tarakimu 0 hadi 7 tu. Python 2 nayo ilisoma 8. Python 3 inaikataa, inataka 0o10. JavaScript isipowekewa "use strict" (amri ya kubana kanuni), 010 ni 8 na 08 ni 8 vilevile, maana tarakimu 8 haimo kwenye msingi wa 8! Yaani pale soko la samaki la Mwaloni sangara wa kilo 010 na wa kilo 08 wawe bei moja? "Iandikwe kawaida"!

Kanuni alizopaswa kuandika hazijazi hata ukurasa. Sifuri ya mbele ni kosa, anayetaka msingi wa 8 aandike 0o. Nukta ya desimali iwe na tarakimu pande zote mbili. Maelfu yatengwe kwa _ na si koma, kwa kuwa ukiita kazi f kwa f(1,500) inapokea hoja (thamani za kufanyia kazi) mbili, 1 na 500. Kila kanuni na mfano unaopita na unaokataliwa. Yeye? "Kawaida."

Dagaa_Mkavu: Mkuu, povu lote hili la sifuri moja? Kunywa maji ya ziwa.

Kirumba_Juu: Povu halali. 1..10 je? Ni 1 hadi 10, au 1. ikifuatwa na .10? Tarakimu pande mbili inamaliza ubishi.

Mtu_wa_Igoma: Afadhali hiyo. Andika 0x1E+5 kwenye C uone (0x ni msingi wa 16, 0x1E ni 30, ulitaka kujumlisha 5): kompaila, programu inayotafsiri msimbo, inaona E+ inameza yote kama namba moja, halafu inagoma. Acha nafasi kabla ya +.

Mleta uzi: Jamani, 010! Turudi kwenye 010!

Sato_Choma: 010 kitu gani, Excel inakula sifuri za namba za simu za wateja! Geuza safu iwe Text KABLA ya kubandika. Ukigeuza baadaye, sifuri hairudi.

Dagaa_Mkavu: Hiyo ndiyo kero sasa. Na faili la CSV, lile la data iliyotengwa kwa koma?

Sato_Choma: Usilibofye mara mbili. Liingize kupitia menyu ya Data, safu ya simu uichagulie Text.