OpenDSS, pandapower au PowerFactory: ipi ya kusimuleti fida ya 33 kV mwaka mzima?

Nguzo_ya_Tatu
Wakuu habari za kazi. Nina fida (laini ya kusambaza umeme) ya 33 kV ya vijijini, ndefu, transfoma nyingi ndogo ndogo za 50 na 100 kVA, matawi mengine ni waya mbili tu, na kuna mwekezaji anataka kuunga sola ya 5 MW karibu na mwisho wa laini. Lodi flo ya kawaida (hesabu ya voltiji na nguvu kwenye laini) nimeshafanya lakini inanipa hali ya wakati mmoja tu, ama mchana jua kali ama saa mbili usiku watu wamewasha kila kitu. Nataka niiendeshe mwaka mzima nione voltiji inavyopanda na kushuka, losi (umeme unaopotea njiani), na regyuleta ya katikati, ile inayorekebisha voltiji, inavyohangaika. Data ya mzigo ninayo ya kila nusu saa kutoka mita ya fida. Python naijua kiasi, laptop ya kawaida. Mnanishauri ipi?

Dada_Ampia
OpenDSS, bila kupepesa macho. Ni programu ya EPRI, taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, msimbo wake uko wazi tangu 2008, huilipii kitu, na imeundwa kwa fida kama hizo ambazo fezi hazijalingana. Matawi yako ya waya mbili inayachukua kama yalivyo. Kwa data ya nusu saa unatengeneza Loadshape (orodha ya mzigo kwa kila hatua ya muda) ya npts=17520 interval=0.5 halafu solve mode=yearly stepsize=0.5h number=17520. Mode itangulie stepsize, maana ukibadilisha mode yenyewe inarudisha hatua kuwa saa moja.

Na kitu cha kwanza kabisa, kabla hujaandika New Circuit weka Set DefaultBaseFrequency=50. Programu imetoka nchi ya 60 Hz. Ukiacha hivyo halafu ukasolvu kwa 50, inadhani X (riaktansi) za laini zako ni za 60 inazipunguza kwa moja ya sita, na kwa laini ndefu voltiji ya kijiji cha mwisho itaonekana nzuri kuliko ilivyo kweli.

Mwl_Kirchhoff
Mi naitetea pandapower kidogo. Ya Chuo Kikuu cha Kassel na Fraunhofer, Ujerumani, nayo bure. Kila kitu ni jedwali la pandas, basi (vituo vya kuungana laini) za kwako, laini, mizigo, unafungua unaona. Kwa muda unaipa DataFrame yako kupitia DFData, ConstControl inabadilisha mzigo kila hatua, run_timeseries inazungusha, OutputWriter anaandika matokeo (mwambie aandike unachokihitaji tu, mwaka mzima wa kila basi unajaza memori). Ukitaka kujaribu sola sehemu 40 tofauti kwenye fida ni lupu moja ya Python umemaliza. Wanafunzi wangu wanaielewa haraka kuliko nyingine yoyote.

Ila kwa haki, lodi flo yake ya kawaida inachukulia fezi tatu zimelingana. Ya fezi tatu ipo, runpp_3ph, lakini itabidi umpe data zaidi za transfoma na laini. Kwa hizo waya mbili mkuu, Dada Ampia yuko sahihi.

Mzee_wa_Sabstesheni
Vijana mnajadili programu, mimi naona data. Anataka kujua regyuleta inavyohangaika na ana data ya nusu saa. Wingu linapita juu ya sola chini ya dakika moja! Regyuleta ina ucheleweshaji wake, kwenye OpenDSS RegControl (kidhibiti cha regyuleta) inaanza na sekunde 15 usipobadilisha, zilizopo saiti mara nyingi zimesetiwa 30 au zaidi. Ukienda kwa hatua za nusu saa kila hatua programu inasogeza tapu (ngazi za regyuleta) mpaka voltiji itulie inaendelea, kwa hiyo idadi ya tapu utakayoipata si ya kweli, na hiyo ndiyo inayoua mashine, kontakti zinaungua na mafuta yanachafuka.

Fanya hivi mwanangu. Losi na voltiji fanya mwaka mzima kwa nusu saa. Tapu chagua siku chache, ya jua safi, ya mawingu yanayokatakata, ya mvua, ziendeshe kwa mode=duty stepsize=1s na controlmode=time, na delay uweke ile iliyosomwa kwenye paneli yenyewe.

Kipanga_Nbi
Salamu kutoka Nairobi. PowerFactory mnaipita haraka. Kampuni ikiwa tayari ina leseni, ina simulesheni ya kwasi-dainamiki inayofanya hiyo hiyo kazi ya mwaka, na modeli ileile unaipeleka RMS na EMT (simulesheni za mabadiliko ya haraka, EMT ikiwa ya haraka zaidi) bila kuanza upya. Hapo ndipo OpenDSS ya mwaka na pandapower zinaishia, kila hatua ni lodi flo mpya, frikwensi zinaichukulia imetulia. Mashine moja ya bwawa la umeme la Julius Nyerere ni 235 MW, ikitoka ghafla swali ni frikwensi inashuka mpaka wapi na gavana (vidhibiti mwendo vya mashine) zinaitikia vipi, hapo unahitaji RMS kwa hatua za milisekunde. Asiye na hela ajaribu ANDES, iko Python na ni bure. Na kontroli za inveta kwenye gridi dhaifu, tuseme upepo wa Turkana 310 MW ulioko mwisho wa laini ya zaidi ya km 400, wanashuka mpaka mikrosekunde, kwa programu za EMT kama PSCAD na wenzake. Kwa fida yako hayo yote ni makubwa mno.

Nguzo_ya_Tatu
Asanteni sana wakuu, leseni hatuna kwa hiyo naenda OpenDSS. Maswali mawili, kuna kitu naona cha ajabu, usiku voltiji ya mwisho ikishuka chini ya 0.95 (asilimia 95 ya kawaida) mzigo nao unapungua wenyewe, ni kawaida? Na data ya jua ya kila sekunde naitoa wapi?

Dada_Ampia
Ni Vminpu hiyo, kikomo cha chini cha voltiji cha mzigo kwenye OpenDSS. Thamani yake ya kuanzia ni 0.95, chini ya hapo mzigo wa model=1 unaacha kuwa wa nguvu isiyobadilika, unaanza kufuata voltiji, inasaidia hesabu zifike mwisho. Ukifika 0.90 umeshapoteza karibu asilimia 10 ya mzigo kwenye makaratasi, na losi zinapungua nazo. Shusha Vminpu=0.8 uone tofauti.

Mzee_wa_Sabstesheni
Lakini usiishushe kwa wote. Pasi na balbu za zamani kweli zinapungua voltiji ikishuka. Mashine za kusaga hazipungui, zinavuta ampia zaidi. Tenganisha transfoma za mashine na za kaya.

Data ya jua mdai mwekezaji, aweke pairanomita (kipima mwanga wa jua) saiti inayorekodi kila sekunde sasa hivi kabla ya ujenzi, apate angalau msimu wa mvua na wa kiangazi. Liandikwe kwenye masharti ya kuunganishwa, akishawasha hatakupa tena.

Nguzo_ya_Tatu
Nimeelewa mzee wangu, kesho naanza kutenganisha transfoma. Hiyo ya pairanomita naipeleka kwenye kikao kabla hatujasaini.