Digoksini, furosemidi na amiodaroni pamoja: kutapika kunatoka wapi?

Swali: Wakuu, mgonjwa wa miaka 74, moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri na mapigo hayana mpangilio. Anameza digoksini (dawa ya moyo) miligramu 0.25 na furosemidi (dawa ya kukojosha maji) miligramu 40 kila siku. Wiki iliyopita kaongezewa amiodaroni (dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo). Sasa hali chakula, anatapika, taa anaziona za njano. Vidonda vya tumbo?

Jibu 1: Hapana, hiyo ni dalili ya digoksini kuzidi mwilini. Amiodaroni huizuia isitoke, ndiyo maana kwa kawaida dozi ya digoksini hukatwa nusu amiodaroni inapoanza. Tena 0.25 kwa umri huo ni nyingi. Inatolewa na figo, na wazee wengi hutoshwa na 0.125 au chini yake. Asimeze kidonge kinachofuata, apelekwe hospitali leo hii, apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo).

Jibu 2: Mkuu kasema kweli ila kasahau potasiamu, madini yaliyo kwenye damu. Furosemidi huitoa kwa mkojo, na ikishuka, digoksini humdhuru mtu hata kiwango chake kwenye damu kikiwa cha kawaida. Pimeni pia magnesiamu na kreatinini (kipimo cha figo). Damu ya kupima digoksini ichukuliwe angalau saa 6 baada ya kidonge, vinginevyo namba itadanganya.

Muuliza swali: Nimpe ndizi kwa wingi?

Jibu 2: Ndizi hazitatibu hili. Wala msimpe vidonge vya potasiamu kwa kubahatisha: sumu kali ya digoksini yenyewe hupandisha potasiamu, na kama anatumia spironolaktoni (dawa inayobakiza potasiamu mwilini) ndiyo balaa zaidi.