Final Destination (2000): Kifo kinamficha nani?

Mtazamaji Makini (mleta mada):
Ndugu wachangiaji, juzi niliirudia Final Destination ya kwanza, iliyoongozwa na James Wong, nikiwa na mpwa wangu wa kidato cha tatu, naye akaniuliza jambo lililonishinda. Alex anaona maono ya ndege kulipuka kabla haijaruka kwenda Paris, anazua vurugu, na anajikuta nje pamoja na wanafunzi wenzake watano na mwalimu mmoja. Ndege inalipuka kweli, kisha Kifo kinawafuata walionusurika kwa mpangilio uleule ambao wangekufa ndani yake. Hadi hapo hatukuwa na ubishi. Lakini Tod, mmoja wa walionusurika, anapoteleza bafuni kwa maji yaliyovuja chooni, na shingo yake kunaswa na waya wa kuanikia nguo, maji yale yanarudi yenyewe yalikotoka, hata ikaonekana kwamba amejinyonga. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, kwani Kifo kinaogopa polisi?" Je, kuna anayeweza kulitetea tukio hilo kwa mantiki ya filamu yenyewe, na si kwa kusema tu kwamba ni mambo ya kubuni?

Bin Simulizi:
Mleta mada, umefanya vyema kuufunga mlango huo wa "ni mambo ya kubuni," maana ndio wengi wetu hukimbilia. Mtazamaji akishakubali kwamba Kifo kina orodha, hana haki ya kulalamika kwamba orodha haipo, ila anayo haki kamili ya kudai kwamba orodha hiyo ifanye kazi namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kipimo hicho siwezi kuyatetea maji ya Tod. Mtazame Terry, mwenzao mwingine aliyenusurika, ambaye anagongwa na basi barabarani mbele ya wenzake wote, bila kificho chochote. Kama Kifo kina tabia ya kufuta nyayo, kwa nini kiliiacha hapo? Na kama hakina, maji yalirudi kwa amri ya nani?

Mwana wa Sinema:
Kwa amri ya mwandishi, ndugu yangu. Jeffrey Reddick aliliandika wazo hili kwanza kama kipindi cha The X-Files, tamthilia ya televisheni ya upelelezi wa mambo ya ajabu, na Wong pamoja na Glen Morgan, walioandika naye filamu, walikuwa waandishi wa tamthilia hiyohiyo. Katika hadithi za namna ile mpelelezi lazima akute ushahidi unaosomeka kwa njia mbili, la sivyo hana kazi ya kufanya. Humu wamo maafisa wa FBI wanaomshuku Alex, nao wanahitaji kifo cha Tod kionekane ni cha kujiua. Kwa maoni yangu maji yanarudi kwa faida ya maafisa hao, na Kifo kimesingiziwa tu.

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri zaidi ni A Nightmare on Elm Street ya Wes Craven, ya mwaka 1984. Pale pia wakubwa hawawaamini vijana, lakini wana sababu yao: wazazi wenyewe ndio waliomchoma moto Freddy, muuaji wa filamu hiyo, na wameificha siri hiyo miaka yote. Ukaidi wao ni sehemu ya kosa lao. Tena kanuni ni moja na haikwepeki, kwa kuwa Freddy anaua ndotoni na kila mwanadamu hulala. Filamu ya pili, ya 1985, ilipomtoa Freddy akashambulia vijana walio macho kwenye sherehe kando ya bwawa, usingizi ulikoma kutisha, akabaki muuaji wa kawaida mwenye kucha ndefu.

Bin Simulizi:
Nakubali, na Final Destination nayo iliugua maradhi hayo. Filamu yake ya pili, ya mwaka 2003, iliongeza kwamba uhai mpya huvunja mpango wa Kifo, na ya tano, ya 2011, ikasema ukimuua mtu unachukua miaka yake iliyobaki. Milango ya kuponea ikizidi namna hiyo, mtazamaji huacha kuogopa na kuanza kupiga hesabu.

Mtazamaji Makini (mleta mada):
Nimemsomea mpwa wangu majibu yenu. Hoja ya basi ameipokea kwa mikono miwili, kisha akaleta nyingine: kama Kifo kina mpango, ni nani aliyempa Alex yale maono?

Mwana wa Sinema:
Filamu haisemi, nami sioni kasoro hapo. Maono yanakuja mwanzoni, kabla hatujaelezwa kanuni yoyote, kwa hiyo tunayapokea pamoja na mengine yote tunayotakiwa kuyaamini. Maji ya Tod nayo yanakuja kabla ya masharti kuelezwa, lakini hayalingani na vifo vinavyofuata, tena yanatokea mara moja tu.