Gitaa la kwanza la umeme kwa ajili ya metali: moyo unataka V, akili inasita

MkonoMdogo

Wakuu salaam.

Najua swali hili limeshaulizwa mara nyingi. Nimepekua nyuzi za zamani za mijadala humu hadi macho yakaniuma, na karibu kila uzi unaanza na gitaa unaishia kwenye ugomvi wa mbao. Naomba mnivumilie.

Nina miaka 31. Nimepiga gitaa la nyuzi za nailoni miaka minne, kordi za kawaida nabadilisha bila kuangalia, sugu za vidoleni ninazo. Sasa nataka kile kishindo: kiganja kimelalia nyuzi, rifu (kile kipande kifupi cha noti kinachorudiwa) inagonga kama mtu anayepiga ngumi mlango wa chuma. Bendi ya Black Sabbath ndiyo iliyoniingiza kwenye metali, muziki huu wa magitaa mazito. Siku hizi nasikiliza bendi ambazo mume wangu akizisikia anauliza kama mwimbaji anahitaji msaada.

Hali yangu ni hii. Mikono yangu ni midogo kweli, jina langu humu si utani. Nina mtoto wa miezi minane, na muda wangu wa mazoezi ni akishalala, kwa hiyo kelele ya wazi sina ruhusa nayo. Na bajeti niliyonayo ni ya kila kitu, si gitaa peke yake.

Nimebaki na magitaa matatu. Yamaha Pacifica 112, kila ninayemuuliza anaitaja. Jackson JS22 ya umbo la Dinky. Na V moja nyeusi ya mtumba, gitaa lenye mwili wa umbo la herufi V, ambayo picha yake nimeiweka kwenye simu yangu, hapo mtajua moyo uko wapi.

Lipi litanifaa kwa metali? Je, mikono midogo ni tatizo? Nawasilisha.

FundiShingo

Dada karibu. Umetueleza umbo, mtoto na mume, ila hujasema nyuzi utazishusha hadi wapi. Kwenye metali mimi naanzia hapo, mengine yanafuata.

Uzi mnene wa E, kwenye tyuni ya kawaida (yaani noti ambazo nyuzi huwekewa), unatetemeka mara 82 kwa sekunde. Ukiushusha hadi D inakuwa 73, hadi C ni 65. Tatizo ni kwamba ukishusha, uzi unalegea. Uzi namba 46 (maana yake unene wa inchi 0.046) ukiwa E unavutwa kwa nguvu ya kama kilo 8. Uufikishe C, zinabaki kama kilo 5, na hapo umepata kamba ya kuanikia nguo. Ukiuchapa, noti inaanzia juu halafu inaporomoka kwenye nafasi yake, na rifu nzima inasikika kama imelewa. Dawa ni nyuzi nene zaidi: seti ya 10 hadi 52 kwa D, 11 hadi 54 au zaidi kwa C. Nazo zikiwa nene, mifereji pale juu shingo inapokutana na kichwa huenda ikabidi ipanuliwe kidogo kwa tupa, la sivyo uzi unanasa na tyuni haikai.

Sasa daraja, kile chuma cha mwilini nyuzi zinapoishia. Hapa niliumia mwenyewe.

Gitaa langu la kwanza la umeme nilinunua kwa sababu lilikuwa na daraja linaloelea, muundo wa Floyd Rose, lenye mkono wa kutikisia na vifungio juu na chini. Dukani nilitikisa ule mkono, noti ikapiga mbizi, nikalipa. Wiki ya pili nikataka kushusha uzi mmoja tu, E kwenda D. Kitu cha nusu dakika, si ndiyo? Nikafungua vifungio vya juu, nikashusha. Nyuzi tano zilizobaki zote zikapanda. Nikazirudisha chini, ule wa kwanza nao ukaharibika. Daraja la namna ile linasimama kwa mizani: nyuzi zinavuta upande huu, springi za nyuma zinavuta upande ule. Ukilegeza uzi mmoja, springi zinashinda, daraja linarudi nyuma, nyuzi nyingine zinakazwa. Nilianza Jumamosi asubuhi, nikamaliza Jumapili, na nilipomaliza sikutaka kuliona. Lilikaa ndani ya begi lake miezi mitatu.

Sisemi daraja hilo ni baya. Likishawekwa sawa linakaa kwenye tyuni kuliko mengi, na wapo watu wanaolihitaji. Ila wewe unayejifunza, leo unataka E, kesho D, keshokutwa C sharp. Tafuta daraja lisilocheza. JS22 zipo za aina zote mbili, zenye mkono na zisizo na mkono, kwa hiyo angalia vizuri kabla ya kulipa.

Pikapu, yaani kile kifaa cha chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo kuwa umeme: pale karibu na daraja uwe na hambaka. Ni koili mbili zilizounganishwa kinyume, ule mvumo wa umeme wa nyumbani unaoingia kwenye moja unafutwa na wa pili. Seth Lover alipoiunda akiwa Gibson mwaka 1955 shida yake ilikuwa ni huo mvumo tu, wala hakuwa akiwatengenezea watu wa metali silaha. Lakini ukiweka distoshoni nyingi (ule mkwaruzo wa makusudi wa metali), mvumo nao unakuzwa pamoja na muziki, ndiyo maana tunaing'ang'ania. Pacifica 112 inayo hambaka moja hapo kwenye daraja, inatosha kabisa. Lawama yangu kwake ni ule mkono wa kutikisia, na hata huo unaweza kuukazia springi daraja likalala chini likatulia.

Mikono midogo? Nimekupigia hesabu. Magitaa mengi ya jamii ya Dinky na Pacifica yana nyuzi zenye urefu wa milimita 648 kutoka juu hadi kwenye daraja. Ya jamii ya Les Paul ni kama 628. Watu wanazungumza kana kwamba ni dunia mbili. Freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwenye 648 iko milimita 36.4 kutoka juu, kwenye 628 iko 35.3. Umeokoa milimita moja. Kwa kubadilishana, umepoteza kama asilimia 6 ya mkazo wa nyuzi, mkazo ambao kwenye tyuni za chini unauhitaji. Angalia unene wa shingo badala yake, na usivae mkanda mrefu gitaa likafika magotini.

Na kama bado una wasiwasi na vidole: Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani Birmingham, naye anapiga kushoto, kwa hiyo huo ndio mkono wa kushikia freti. Akajitengenezea vikofia vya plastiki na ngozi, akatumia nyuzi nyembamba, na kufikia 1971 alikuwa anazishusha hadi C sharp.

PembeMbili

Mkuu Fundi umenena, ila nakukumbusha kwamba huyohuyo Iommi albamu za mwanzo alirekodi kwa gitaa la Gibson SG lenye pikapu za koili moja. Basi tusiwatishe watu na hambaka kana kwamba ni sheria ya barabarani.

Dada, mimi napiga V mwaka wa sita sasa. Watakwambia haikaliki ukiwa umekaa kwenye kiti. Ukiiweka pajani kama gitaa la kawaida, kweli, inateleza kama sabuni. Ila ingiza paja la kulia pale kati ya pembe mbili, shingo iinuke juu, na mguu wa kushoto uweke kwenye kitu kifupi ukitaka. Wewe umetoka kwenye nailoni, kama ulifundishwa ukaaji wa klasiki utashangaa jinsi inavyokaa. Nimewaona watu wa Dinky wakijikunja kama koma, mimi mgongo umenyooka.

Tatizo halisi la V ni milango. Ncha za pembe zangu zote mbili zimebonyea.

GetiLaKelele

Mnabishana juu ya madaraja na pembe, mtoto amelala, hakuna aliyemjibu dada kuhusu sauti.

Usinunue amplifaya kubwa. Ukichomeka gitaa zuri kwenye amplifaya mbaya utachukia gitaa, na kinyume chake ni kweli zaidi ya watu wanavyopenda kukiri: gitaa la kawaida kwenye chombo kizuri linatisha. Mimi ningegawa bajeti nusu kwa nusu.

Wewe unahitaji mojawapo kati ya viwili. Amplifaya ndogo ya kidijitali yenye tundu la hedifoni, jamii ya Boss Katana. Au kama una kompyuta, nunua kadi ya sauti ya nje, ile ya kuchomeka gitaa upande mmoja na USB upande wa pili, halafu utumie programu. Neural Amp Modeler ni ya bure, na watu wameweka mtandaoni nakala za amplifaya nyingi nazo ni bure.

Kosa moja usilifanye: usinunue pedali ya distoshoni ukaiunganisha moja kwa moja na hedifoni. Utasikia nyuki ndani ya kopo. Spika ya gitaa haitoi sauti za juu sana, kuanzia kama hezi 5,000 kwenda juu inazikata kwa kasi, na masikio yetu yamezoea distoshoni iliyochujwa hivyo. Hedifoni haichuji. Kwa hiyo kwenye programu lazima kuwe na sehemu inayoiga kabineti, yaani sanduku la spika. Ukisahau kuiwasha utadhani umetapeliwa.

Halafu geini, kile kitufe cha kuongeza distoshoni. Kila anayeanza anaikunja hadi mwisho, anaongeza besi, anaua sauti za kati. Chumbani peke yako inapendeza. Weka wimbo wa kufuatilia nyuma, gitaa limepotea lote! Sauti za kati ndizo gitaa lenyewe. Besi mwachie mpiga besi. Punguza geini hadi uone aibu kidogo, kisha ukaze mkono wa kulia, kile kishindo cha mlango wa chuma kinatoka kwenye kiganja. Piki iwe nene, milimita 1 kwenda juu. Nyembamba inapinda wakati unataka igonge.

Msishangae jina langu, nililipata kwa kukataa kununua pedali ya geti (inayokata kelele usipopiga) kwa miaka miwili huku amplifaya ikinizomea kila nikinyamaza.

MkonoMdogo

Nimewasoma wote mara mbili. Milimita moja! Na mimi nimepoteza mwezi mzima nikipima viganja vyangu kwa rula.

Nimempigia mwenye V. Anasema daraja halichezi, nyuzi zinapita ndani ya mwili. Urefu 648. Pikapu anasema ni "nyeusi tupu", hazina skurubu wala kitu juu. Naenda kuliona Ijumaa. Nikague nini?

FundiShingo

Nilijua utaenda kwa V.

Kwanza kichwa, kinapoungana na shingo. Pitisha kucha nyuma yake. Rangi ikiwa na ufa kama unywele, acha, rudi nyumbani. Pili bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho kwa pamoja, uangalie katikati: kati ya uzi na freti kuwe na upenyo mdogo tu, unene wa kadi ya biashara hivi. Upenyo mkubwa au mdogo kupita kiasi, chuma cha ndani ya shingo kinaweza kurekebisha. Shingo iliyojipinda kama parafujo hakuna wa kuirekebisha. Tatu piga kila noti kwenye kila uzi, zote, hata kama muuzaji anaangalia saa. Nne zungusha vitufe vyote gitaa likiwa kwenye amplifaya. Mkwaruzo ni vumbi, dawa ya kupuliza inasafisha. Sauti inayokatika pale waya unapochomekwa ni kulehemu tu.

Mwisho linganisha noti ya freti ya 12 na ile ya kugusa uzi juu yake bila kuubana. Zikipishana si sababu ya kuliacha, ila ni ya kupunguziwa bei, kwa kuwa kuna kazi ya kuliweka sawa.

Pikapu nyeusi tupu huenda ni zile za aina ya EMG, zenye saketi ndani. Ni nzuri kwa metali, hazina kelele nyingi.

MkonoMdogo

Wakuu, V iko nyumbani! Paja katikati ya pembe, kama mlivyosema. Kadi ya sauti nimenunua, kabineti nimewasha (baada ya nyuki wa dakika kumi, samahani GetiLaKelele). Nipo D, seti ya 10 hadi 52. Mlango mmoja tayari una alama.

MkonoMdogo

Siku tisa baadaye. Mmenipa furaha mapema mno. Tangu jana sauti inakoroma, inadhoofika, leo imekata kabisa. Nimebadilisha waya, nimebadilisha programu, bado. Muuzaji hapokei simu. Nimeibiwa?

FundiShingo

Ukimaliza mazoezi unachomoa waya kwenye gitaa?

MkonoMdogo

Hapana, naacha tu ili kesho nisihangaike gizani. Kwa nini?

FundiShingo

Pikapu zile zinakula betri ya volti 9. Ukichomeka waya ndiyo umeziwasha, ukiacha usiku kucha zinakula usiku kucha. Lawama hii niko nayo mimi, nilizisifu nikasahau kukwambia. Fungua kifuniko cha nyuma.

MkonoMdogo

Nimefungua. Ipo. Mwenye nayo wa kwanza ameandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino, ni ya miaka mitatu iliyopita.