Mjadala: Je, kura za Kenya zihesabiwe na mashine badala ya mkono?

Wapo wanaopendekeza kwamba Kenya iache kuhesabu kura kwa mkono na kuikabidhi kazi hiyo mashine zinazosoma karatasi, kama zifanyavyo kaunti nyingi za Marekani. Hoja yao ni nzito. Makarani huamka kabla ya mapambazuko, huwahudumia wapiga kura mchana kutwa, kisha hutakiwa kuhesabu kura za masanduku sita usiku huohuo, na mtu aliyechoka hukosea. Hata hivyo, mimi napinga pendekezo hilo.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mpiga kura wa Marekani mara nyingi hupewa karatasi moja iliyosheheni maswali, kuanzia rais hadi majaji, bodi ya shule na kodi, kwa hiyo kuihesabu kwa mkono ni kazi ya siku nyingi. Bodi ya kaunti ya Shasta, California, ilipoamua mwaka 2023 kuachana na mashine zake, jimbo lilitunga sheria mwaka huohuo ya kuzuia kuhesabu kwa mkono katika chaguzi za kawaida, pale walioandikishwa wanapozidi 1,000. Kwetu kila karatasi ina swali moja, rangi yake na sanduku lake, na katika uchaguzi wa 2022 kituo kimoja hakikupaswa kuzidi wapiga kura 700. Msimamizi huitaja kila kura na kuwaonyesha mawakala wa vyama na wagombea, na asiyeridhika hupinga papo hapo, karatasi ikiwa bado mbele ya macho yao.

Hilo ndilo ninaloogopa tutalipoteza. Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba raia lazima aweze kuhakiki hatua muhimu za uchaguzi bila kuhitaji utaalamu wa pekee. Wakala wa Turkana au Lamu ana uwezo huo leo; mbele ya mashine atabaki kusoma tarakimu tu.

Sisemi kwamba mkono ni kinga. Malawi ilihesabu kwa mkono mwaka 2019, na bado mahakama ikabatilisha uchaguzi wa rais, kwa kuwa fomu za matokeo zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Hapa kwetu, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, lawama kubwa iliangukia namna matokeo yalivyosafirishwa na kuhakikiwa. Ugonjwa, basi, uko kwenye fomu na safari yake, na hapo ndipo teknolojia inapostahili kutumika. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka hadharani picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye subira aliweza kuzijumlisha mwenyewe.

Kuhusu uchovu, waajiriwe makarani wa zamu ya pili. Gharama itakuwepo, lakini hata mashine hununuliwa, na zikikosea tutarudi kwenye karatasi. Kaunti ya Antrim, Michigan, ilitangaza matokeo ya awali yasiyo sahihi mwaka 2020 kwa sababu ya makosa ya maafisa katika kuziandaa mashine, na kuhesabu upya kwa mkono ndiko kulikothibitisha kwamba Trump alishinda pale.

Wanaotaka mashine watueleze jambo moja: wakala asiyeridhika na tarakimu za mashine saa nane za usiku atamwonyesha nani kosa, na kwa ushahidi gani?