Tupeane uzoefu: umewahi kutiwa moyo na mtoto wako mdogo mpaka kazi ikawa nyepesi?

Wakuu, habari za jioni. Mimi niko Uyole, Mbeya, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mwaka 2004 nilimaliza kidato cha nne, Hisabati nikala F, nikajifariji kwamba geti haliulizi cheti. Mwaka huu nimeamua kurisiti. Sababu ni ndefu, tuziache.

Usiku nikitoka karakana nakaa na daftari sebuleni. Binti yangu yuko darasa la kwanza. Siku aliyonikuta na kalamu alinitazama kama amenifuma nalamba sukari. "Baba, na wewe unasoma?" Nikaitikia. Akakimbia jikoni, "Mama! Baba anasoma!" Kisha akatoka nje kuwapa habari wapangaji wenzetu. Mimi nilikuwa nafanya siri, jamani. Asubuhi muuza maandazi ananiuliza, "Fundi, masomo yanaendaje?"

Tangu hapo yeye ndiye mwalimu. Nikimaliza swali anachukua peni nyekundu, anaweka vema kubwa linalovuka hadi swali la chini, anaandika 10/10. Logarithimu ni mdudu gani hajui. Halafu anatangaza, "Darasa zima, Baba apigiwe makofi ya kilo!" Darasa zima ni yeye, mdogo wake wa miaka miwili na paka.

Juzi alinipa vema swali ambalo nilipoangalia majibu nyuma ya kitabu nimekosa. Nikamwambia, mwalimu, hili Baba amekosa. Akafikiri weee, akasema, "Basi nitakupa vema dogo."

Mimi nilisoma shule ambayo ukikosa hesabu unaitwa mbele, na mnaojua mnajua huko mbele kulikuwa na nini. Mpaka mwaka jana nikiona ubao wenye namba tumbo linavuruga. Sasa hivi saa kumi na moja nafunga karakana niwahi darasa.

Leteni na zenu.

*

Mama wa Tukuyu:

Ndaga fijo mleta uzi. Mimi nina kitalu cha miche ya parachichi. Mwaka jana nilichoka kulipa mtu wa kubebesha, nikajifunza mwenyewe. Kwa wasioijua hii kazi: unaotesha kokwa la parachichi la kienyeji, shina likifikia unene wa penseli unalikata, unalipasua katikati, unachomeka kikonyo cha parachichi aina ya Hass ulichokichonga kama kabari, unafunga kwa nailoni. Ngozi ya ndani ya kikonyo na ya shina zisipogusana, kikonyo kinakauka. Kisu kikiwa butu, umejichosha bure.

Miche yangu 60 ya kwanza, 41 ilikufa. Nilikaa chini kitaluni nikalia. Kijana wangu wa miaka minne, ambaye hakosi kunifuata, ile mikavu wala haioni. Anakwenda kwa wenye jicho la kijani anapiga kelele, "Mama! Huyu ameamka!" Anarudi mbio kunivuta mkono nikaone. Nikimaliza kuangalia mmoja, ameshapata mwingine. Siku hiyo niliitwa mara 19, na kila mara nilitakiwa nishangae upya.

Akaanza na tabia ya kuisalimia asubuhi, mche mmoja mmoja, "Ughonile?" Hata iliyokufa anaisalimia. Baba yake anasema tumezaa mchungaji.

Awamu ya pili nilibebesha 60 tena, ikashika 48. Sisemi ni salamu zake, nadhani ni kisu, nilianza kukinoa. Ila bila yeye awamu ya pili isingekuwepo.

*

Boda wa Makambako:

Kamwene wakuu. Fupi tu. Mnaujua upepo wa huku mwezi wa saba. Pikipiki inagoma asubuhi, napiga kiki mpaka mguu unakufa ganzi. Wa kwangu ana miaka mitatu, anasimama mlangoni kajifunika blanketi, kila kiki anasema "Tena, Baba!" Ikiwaka anajipigia makofi mwenyewe, kana kwamba kaiwasha yeye. Abiria wangu wa kwanza kila siku ni yeye, hadi kwenye kona na kurudi. Halipi.

*

Mpangaji wa Iringa:

Hawa watoto mnaowasifia wanaponza, nawaambia. Wangu ana miaka mitano, shabiki wangu namba moja. Chochote nikifanya, "Baba yangu anaweza!" Sasa mwezi ule kodi ilikuwa imelala, mwenye nyumba kaja, mimi natoa maelezo kwa sauti ya chini, mkono kifuani. Mtoto akaona baba yake anadharauliwa. Akajitokeza, "Baba yangu ana hela! Jana alihesabu nyingi kitandani, mpaka mkono ukachoka!"

Zilikuwa hela za kikundi, mimi ndiye mweka hazina. Mwenye nyumba hakuamini mpaka leo. Lakini nilipoingia ndani kwa hasira nimchape, ananiangalia anacheka, anangoja nimshukuru. Nikashindwa. Nikamnunulia ubuyu.

*

Mzee wa Mbalizi:

Vijana, nafurahi nanyi ila msije mkamdanganya mtoto. Baba amekosa hesabu, mtoto anampa 10/10, baba anapokea. Kesho huyo mtoto naye akikosa atataka 10/10.

*

Mleta uzi:

Mpangaji wa Iringa, nimecheka hadi mke wangu kaja kuuliza kuna nini. Mama wa Tukuyu, mpe huyo mchungaji salamu zangu, mwambie ughonile.

Mzee wangu wa Mbalizi, shikamoo. Umesema kweli, na nimelifikiria. Ila 10/10 hiyo siku niliikataa, ndipo likazaliwa vema dogo. Na sasa ameanza kuuliza kabla hajasahihisha, "Baba, umeangalia nyuma ya kitabu?" Nikisema bado, anaficha peni.

Mtihani ni Novemba. Jana nimekuta kwenye kopo tupu la rangi, hapo karakana, penseli nne zimechongwa mpaka zimebaki fupi kama kidole gumba. Nimemuuliza za nini. Anasema, "Za kwenda nazo. Maswali yakiwa mengi usiombe kwa mwenzako."